Nyota yenye mkia, msimu wa karafuu na darubini ya mjomba

Siku hizi inboksi yangu swali ni moja tu, dada unatumia teleskopu gani, na nikijibu sina teleskopu watu wanadhani nawaficha. Wallahi sina. Ninayo darubini ya macho mawili, ya kizamani, ubavuni imeandikwa 10x50, alinipa mjomba wangu alipoacha ubaharia, na kwa ile kometi, yani nyota yenye mkia, ya mwezi wa kumi 2024 hata ningewekewa teleskopu ya mamilioni nikaambiwa chagua, ningechukua hii hii ya mjomba.

Sababu ni mkia. Teleskopu inavuta kitu karibu sana lakini inakuonesha kipande kidogo cha mbingu, ukiielekeza kwenye kometi unapata kichwa na kijipande cha mkia, bas, mwengine wote umebaki nje. Darubini ya 10x50 inakuza mara 10 na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50, na kwa mpigo mmoja inakupa kama digrii sita na nusu za mbingu, yani miezi mipevu 13 ukiipanga mstari mmoja inaenea humo. Unaanza kwenye kichwa, unapanda polepole na mkia, na unazidi kupanda na bado upo, mpaka shingo inauma. Raha ya kometi iko hapo, sio kwenye kukuza.

Kwa ambao hawakupata habari, jina lake la kitaalamu ni C/2023 A3, na la kuitwa Tsuchinshan-ATLAS, kwa sababu wa kwanza kuiona ni kituo cha Wachina cha Purple Mountain, kwa Kichina Tsuchinshan, mwezi wa kwanza 2023, alafu mwezi wa pili mitambo ya kuchunguza mbingu inayoitwa ATLAS, iliyopo Sutherland, Afrika Kusini, nayo ikaiona. Jina la kwanza lilitushinda ulimi sote nyumbani, kwa hiyo uani kwetu ikaitwa Mchina tu. "Mchina katoka?" "Bado, mbingu haijawa nyeusi." Hivo hivo.

Na huyu Mchina alitabiriwa mauti kabla hata hajafika. Mwezi wa saba 2024 mtaalamu mmoja wa kometi anaitwa Zdeněk Sekanina aliandika kwamba inaelekea kuvunjika na haitofika kwenye jua nzima nzima. Nilipomsomea kaka yangu akacheka akasema kitu cha Mchina usikitie tamaa. Lakini tarehe 27 Septemba ikalizunguka jua kwa umbali wa kilomita milioni 58 hivi, ndo inapokaa sayari ya Utaridi huko, ikatoka ng'ambo ya pili mzima wa afya. Tarehe 12 Oktoba ikapita karibu kabisa na sisi, na karibu kwenyewe ni kilomita milioni 70, mwanga wake ulichukua kama dakika nne kufika hapa Wete, Pemba.

Kabla ya hapo ilikuwa inaonekana alfajiri upande wa mashariki, ila mashariki kwetu ni kilima na mikarafuu juu yake, hakuna kinachoonekana mpaka jua lenyewe lipande. Magharibi ndo utajiri wetu. Uani kwetu ukisimama karibu na tangi la maji unaiona bahari kati ya minazi miwili, na juu ya bahari hakuna kitu, hakuna ghorofa wala mnara. Alafu na mahali tulipo duniani panatufaa sana. Sisi tuko digrii tano tu kusini ya ikweta, jua likizama linazama wima, kwa hiyo na kometi inayolifuata nayo inashuka wima, na mkia wake unasimama juu ya bahari badala ya kulala pembeni. Walioko Ulaya walikuwa wanaitafuta chini chini kwenye weupe wa magharibi. Sisi giza linaingia haraka, saa 12 na dakika kumi hivi jua limekwenda, saa moja kasoro dakika 20 tayari Mchina kajitokeza.

Shida ilikuwa taa.

Msimu wa karafuu anaeujua anaujua. Mchana kutwa watu wako mashambani, jioni magunia yanaingia nyumbani na yote inabidi yachambuliwe usiku ule ule, karafuu upande wake na makonyo upande wake, mana ukiziacha zikalala hazijachambuliwa zinavunda. Kwa hiyo baada ya Magharibi uani kwetu kuna jamvi kubwa, mama, shangazi, wake wa jirani na watoto wao wote wamezunguka rundo, na juu yao glopu kubwa jeupe ambalo mimi naliona adui yangu namba moja. Huwezi kumwambia mama zima taa watu wanachambua karafuu ati mimi natizama nyota. Nikaja na mapatano. Nikasema nipeni dakika kumi tu za giza kila siku kati ya Magharibi na Isha, na katika dakika hizo kila mtu anapata zamu ya darubini, asietaka akae apumzishe mgongo. Mama akasema, "Dakika kumi, zikizidi unachambua gunia peke yako." Tukakubaliana.

Siku ya kwanza ambayo mawingu yalitupisha vizuri ilikuwa ile tarehe 14 Oktoba. Sayari ya Zuhura ilikuwa inawaka upande wa kushoto, huwezi kumkosa, na mimi nlikuwa nimeshasoma kwamba kometi iko kulia kwake, chini yake kidogo. Nyoosha mkono, fanya ngumi, ngumi moja ni kama digrii kumi, bas hesabu ngumi mbili kutoka kwa Zuhura kwenda kulia. Nikapitisha darubini hapo mara moja tu nikaipata, na nikasema kwa sauti "Allahu akbar" mpaka mtoto wa jirani akashtuka. Kichwa kilikuwa kina rangi ya manjano iliyopauka, katikati nukta ya mwanga iliyobana, pembeni yake utusitusi, na kutoka hapo mkia unapanda na kutanuka, ni fagio la chelewa hasa lililosimamishwa juu chini, pale pa kufungia pamekaza na kule juu limefunguka. Ukitizama kwa utulivu unaona ubavu mmoja wa mkia umekatika vizuri na wa pili unayeyuka taratibu kwenye giza hujui umeishia wapi. Hilo picha za simu haziioneshi.

Bila darubini pia ilionekana, wala sio kwa kubahatisha, taa ikizimwa tu watu wanaiona kwa macho yao. Lakini macho yanakupa mstari wa mwanga, darubini ndo inakupa umbo.

Sasa zamu zikaanza. Shangazi yangu kashika darubini, kaitia machoni, sekunde mbili hazijafika anapiga kelele "macho yangu jamani, macho!" Nikadhani katizama nini. Kumbe mikono yote ile imetoka kuchambua karafuu, mafuta ya karafuu yameingia kwenye zile mpira za kuwekea macho, na mafuta yale yakigusa kope yanawasha vibaya sana. Kicheko kilichopigwa hapo na machozi yale sijui nikueleze vipi. Toka siku ile sheria ya uani ikawa sabuni kwanza, ndoo ya maji imewekwa pale tangini, huoshi mikono huoni nyota. Na mpaka leo darubini ya mjomba inanukia karafuu.

Watoto walisikitika kidogo, walitegemea itakimbia. Walisikia nyota yenye mkia wakafikiria itakatiza mbingu hivi na kupotea, kumbe imetulia tu pale inazama pole pole na nyota nyengine. Nikawaambia subirini kesho muitizame tena, na kweli kesho yake ilikuwa imepanda, na keshokutwa imepanda zaidi, ikifika tarehe 17 hivi tayari iko juu kumshinda Zuhura. Mmoja wao, ana akili huyu mtoto mashaallah, akauliza mbona inaenda juu na mkia uko juu, si mkia ungebaki nyuma? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na watu wazima. Mkia wa kometi haufuati mwendo, unafuata jua. Mwanga wa jua unalisukuma lile vumbi linalotoka kwenye barafu yake, na upepo wa jua unasukuma gesi, siku zote upande wa kulikimbia jua. Ikiwa inakuja mkia uko nyuma yake, ikiwa inaondoka inatanguliza mkia mbele. Akakaa kimya akifikiria, alafu akasema "kwa hiyo inatembea kinyumenyume", nikamwambia ndo hivo hasa.

Grupu za WhatsApp nazo hazikulala. Ilirushwa ile ya kwamba dunia itaingia siku tatu za giza, ikarushwa na ya kwamba nyota hii ni dalili ya vita, na shangazi yule yule wa macho akaanza kuingiwa na hofu. Aliemtuliza ni baba, aliporudi msikitini akamkumbusha kwamba siku aliyofariki Ibrahim mtoto wa Mtume jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili yake, na Mtume akawakataza, akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu hazipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Baba akasema kama jua halipatwi kwa ajili ya mtoto wa Mtume basi hicho kijiwe cha barafu ndo kikuletee vita weye? Mjadala ukaisha hapo.

Ila nilichokipata uani kuliko vyote nimekipata kwa bibi wa nyumba ya nyuma. Huyu hachambui tena karafuu, macho hayamruhusu sana, anakuja kukaa kwenye kiti kupiga soga. Nilimshikia darubini mimi mwenyewe, nimeegemeza viwiko kwenye bega la kiti, akatizama muda mrefu bila kusema kitu. Alafu akasema, "Naiona. Lakini ile yetu ilikuwa kubwa zaidi."

Ipi bibi?

Akasema wakati ule kigori, wanatoka usiku usiku kwenda shamba kuwahi mikarafuu, ilikuwa msimu kama huu huu, wakifika juu ya kilima upande wa jua linapotokea kuna mkia mweupe umesimama kabla ya alfajiri, mrefu, na kichwa chake huko chini kama hakipo. Watu wazima wakawafunika vichwa na kanga wasitizame. Nikamuuliza mwaka gani, akasema mwaka sijui mwanangu, lakini Mapinduzi yameshapita, yameshapita mwaka na kitu.

Nikaingia ndani na simu yangu nikihesabu. Mapinduzi ni Januari 1964. Mwaka na kitu ni 1965. Na Oktoba 1965 ndo alipita Ikeya-Seki, aliyegunduliwa mwezi wa tisa mwaka ule na Wajapani wawili, Kaoru Ikeya na Tsutomu Seki, kometi ambayo tarehe 21 Oktoba ilipita juu ya uso wa jua kwa kilomita laki nne na nusu tu, ikang'ara mpaka ikaonekana mchana karibu na jua lenyewe, na mwisho wa mwezi ikatokea alfajiri upande wa mashariki na mkia mrefu sana. Msimu umekubali, upande umekubali, saa imekubali. Huyu bibi hajui kusoma herufi za Kizungu lakini kumbukumbu yake inalingana na ya wataalamu wote wa nyota duniani, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza toka 1965. Nikarudi nikamwambia bibi ile yenu ina jina. Akasema "sawa", akaomba kahawa.

Na hapo ndo nikamtia hamu bila kukusudia. Mana siku zile zile kulikuwa na habari ya kometi ya pili, C/2024 S1, mitambo ya ATLAS ya Hawaii iliigundua tarehe 27 Septemba, na hii ilikuwa ukoo mmoja na Ikeya-Seki, wanaitwa Kreutz, vipande vya kometi moja kubwa iliyovunjika zamani, na wote wanapita kwa kulisugua jua. Nikamwambia bibi ndugu yake ile yenu anakuja, mwisho wa mwezi, akipona anaweza kutokea vizuri. Akawa kila siku ananiuliza kafika wapi. Tarehe 28 Oktoba ikaingia kwenye jua na haikutoka, ilishaanza kuvunjika njiani, ikabaki vumbi. Nilipomwambia alisikitika kwelikweli. "Kafa? Maskini. Na weye ulinambia nisilale mapema."

Turudi kwa Mchina. Mwezi ulitutesa, tarehe 17 ulikuwa mpevu na mkubwa, ukipanda tu nyuma yetu mbingu yote inakuwa ya kijivu na mkia unapungua nusu. Nliambiwa na watu kwamba bas imekwisha, sio kweli. Kuanzia tarehe 20 mwezi unachelewa kutoka mpaka Isha imeshaswaliwa, na sasa kometi iko juu, mbali na moshi wa majiko na ule mvuke wa bahari unaokula nyota za chini, unapata saa nzima na zaidi ya giza safi. Mng'aro ulikuwa umeshashuka, kwa macho ilikuwa ya kutafuta, lakini kwa darubini hizo siku nilizipenda kuliko zile za mwanzo. Mkia ulikuwa mwembamba na mrefu, na nyota ndogo ndogo zinaonekana ndani yake, zinapenya. Unatizama vumbi la kilomita mamilioni na nyota ya nyuma haijapungua hata kidogo, ndo unajua lile vumbi lilivyo hafifu.

Wanaotaka kununua darubini, nitasema ninayoyajua. Kwenye maduka ya vitu vilivyotumika Darajani, Unguja, zinapatikana, ila usikubali kuijaribu kwa kutizama ukuta wa mbele. Itoe nje, tizama waya wa umeme wa mbali au ncha ya mnara, kama unaona waya mbili ilhali ni mmoja hiyo imeshaanguka na vioo vya ndani vimehama, iache, itakupa kichwa kuuma kila siku. Igeuze, tizama ndani ya lenzi kubwa kwenye mwanga, kama kuna nyuzinyuzi za kijivu ni kuvu, unyevu wa visiwa vyetu huu hauna huruma. Ya kwangu naiweka kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, naomba kwa kila anaenunua viatu mtaani. Zile za kukuza mara 20 au 30 utazozikuta na bei ndogo achana nazo, mkono unatetemeka na kila tetemeko linakuzwa nalo, huoni kitu. Mara 7 mpaka 10 inatosha. Kutulia, mimi nalala kwenye kiti cha uvivu viwiko juu ya mikono ya kiti, au nasimama na ufagio mrefu, darubini naiegemeza juu ya mpini wake, inatulia ajabu. Kukazia macho tumia Zuhura, zungusha mpaka awe nukta ndogo kabisa, alafu usiguse tena. Tochi ya simu funika na kipande cha kanga nyekundu ili macho yasipoteze giza lake.

Na hili msilichukulie mzaha: jua likiwa halijazama lote usiinue darubini magharibi kutafuta chochote. Ukilipata jua kwa bahati mbaya ndani ya 10x50 jicho linaungua papo hapo na halirudi. Kwetu watoto hawaruhusiwi kuigusa mpaka adhana ya Magharibi imeshalia, wenyewe sasa wanakaripiana.

Simu pia zilifanya kazi, nikiri. Kaka aliweka yake juu ya kigoda, ameikinga na jiwe, modi ya usiku, taima ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise, na ilitoa mkia mrefu kuliko tulivyouona. Nimeposti mbili. Lakini kuna waliokuja uani wakasimama wakapiga picha wakaondoka bila kuomba darubini, hao sijawaelewa.

Wiki ya kwanza ya Novemba 2024 ilikuwa bado iko, mwezi mchanga haukusumbua. Baada ya Isha ukitizama magharibi ilikuwa juu kidogo kuliko Zuhura na kulia kwake, kwa macho huioni, kwa darubini ilikuwa doa la utusi lenye kiini, mkia kipande tu. Kila wiki ikawa inapungua, na ilivyoondoka sio ya kurudi sisi tuko hai wala wajukuu zetu. Ya Halley ndo ina ahadi, 2061, mwezi wa saba, mama aliiona 1986 na anasema haikuwa kitu mbele ya hii.

Sasa na mimi nina shida yangu. Lenzi ya kulia ya mjomba imeanza kidoa cha kuvu pembeni, kidogo, ila najua kitatembea. Kama kuna mtu anamjua fundi hapa Pemba au Unguja anaeweza kufungua darubini akasafisha ndani na akairudisha bila vioo kuhama, aniandikie. Fundi saa wa hapa aliishika, akainusa, akaniuliza karafuu zetu safari hii zilikuwa gredi gani.